Tajiri Aliyekuwa Benki: Allidina Visram na Mkopo wa Miji Mipya

Mhadhara kwa wakazi wa mitaa ya mashariki ya Nairobi, Ukumbi wa Kaloleni



Niliombwa niseme juu ya mfanyabiashara mgeni aliyekuwa tajiri wa mali na mwenye benki katika mji wa mbali, mji wa aina ile inayozuka pale ambapo ardhi imetoa kitu cha thamani na watu wakakimbilia kukichuma kabla serikali haijapata hata kuujua mji wenyewe. Mji kama huo, uwe umezuliwa na dhahabu kama Johannesburg mwaka 1886, au na dhahabu ya Kilo huko Ituri mwaka 1903, au na ile ya Kakamega iliyowavuta wachimbaji wa Kizungu kuanzia mwaka 1931, au uwe haukuzuliwa na madini yoyote bali na pembe za ndovu, kama Tabora na Ujiji, au na mataruma ya reli, kama huu Nairobi wetu ulioanza kwa mahema katika bonde la tope mwaka 1899, hupatwa na shida moja tangu siku yake ya kwanza: mtu anafanya kazi mbali na kwao, analipwa fedha asizokuwa na pa kuzihifadhi, anataka kununua kitu kisichopatikana, na anataka kupeleka sehemu ya jasho lake kwa wazazi au mke aliye mwendo wa miezi. Benki haiko. Posta haiko, au ipo na haiaminiki. Anayeitatua shida hiyo, katika nchi zetu hizi, amekuwa karibu kila mara mwenye duka, na mwenye duka huyo karibu kila mara amekuwa mgeni.

Kwa kuwa sitaki kusema kwa ujumla, nitamchukua mtu mmoja, Allidina Visram, ambaye wenzake wa Uganda walimwita mfalme asiyetawazwa. Nitamfuata toka Kera mpaka Kampala, na nitakapokwisha kumzika nitarudi nanyi hapa Pumwani, Shauri Moyo na Eastleigh, maana kwangu mimi habari yake haikamiliki bila habari ya mitaa hii.

Alizaliwa mwaka 1851 katika kijiji cha Kera, nchi ya Kutch, India ya magharibi, katika jamaa ya Wakhoja wa madhehebu ya Ismailia. Mwaka 1863, akiwa na umri wa miaka 12, alipanda jahazi akafika Unguja, na kutoka Unguja akavuka kwenda Bagamoyo, akaingia kazini katika nyumba ya tijara ya Sewa Haji Paroo. Huyu Sewa Haji ndiye aliyekuwa mtengenezaji mkuu wa misafara: mgeni yeyote aliyetaka kwenda bara, awe mpelelezi, mmisionari au afisa wa Kijerumani, alikwenda kwake kutafutiwa wapagazi, vitambaa, shanga, masango ya shaba na bunduki. Ndiye pia aliyetoa mali yake kwa hospitali ya Dar es Salaam iliyoitwa kwa jina lake, na ambayo ni asili ya hospitali ya Muhimbili ya leo; na alipotoa nyumba iwe skuli huko Bagamoyo alishurutisha kwamba watoto wa kila kabila na kila dini wapokewe. Nayataja haya kwa sababu kijana huchukua tabia ya nyumba aliyofundiwa kazi.

Sasa naomba tutulie kidogo hapo Bagamoyo, kwa kuwa huko ndiko ilikoundwa benki ninayoisema, na asiyeifahamu Bagamoyo hatafahamu hata kidogo mambo ya Eastleigh.

Mwenye msafara hakuwa na fedha. Alikuwa na jina, na ujasiri, na watu waliomfuata. Tajiri alimpa bidhaa kwa mali kauli, yaani alizichukua leo kwa neno lake kwamba atalipa atakaporudi, na kurudi kwenyewe kulikuwa baada ya mwaka, au miwili, au mitatu, kwa kuwa kutoka pwani hadi Tabora pekee msafara ulitembea kama miezi mitatu, na kutoka Tabora hadi Ujiji, na kutoka Ujiji kuvuka ziwa mpaka Manyema kwenye pembe nyingi, ni safari nyingine juu ya safari. Katika muda huo tajiri aliye pwani hakuwa na askari wa kumpeleka bara akamkamate mdeni. Tegemeo lake kubwa lilikuwa ujuzi: alimjua baba ya mdeni, alijua aliwahi kukopa kwa nani akalipa vipi, alijua akina nani watamdhamini, na alijua kwamba mtu huyo akila mali yake hatapata tena gora moja la kitambaa cha merikani kutoka duka lolote la Bagamoyo, Saadani au Unguja, kwa maana matajiri wenyewe walijuana na habari ya khiyana ilitangulia mbele ya mtu popote aendapo. Faida ya kungojea iliwekwa ndani ya bei, bidhaa ya mkopo ikiwa ghali kuliko ya taslimu, na kwa njia hiyo Mwislamu alijizuia kuandika riba katika daftari lake.

Mkubwa wa mambo haya kabla ya Visram alikuwa Taria Topan, naye mtu wa Kutch, aliyeshika forodha ya Unguja katika zama za Sayyid Barghash, na ndiye aliyemkopesha Hamed bin Muhammed, anayejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, kwa safari zake za Kongo. Mtu anayesoma maisha ya Tippu Tip kama alivyoyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili ataona kwamba nyuma ya bunduki zile na vita vile vyote lilikuwapo daftari la tajiri wa Unguja lililokuwa likingojea pembe. Wala haifai niipite hapo upesi. Pembe zile zilibebwa na watu, na wengi miongoni mwa watu hao hawakuwa huru; vijiji vya Manyema vilichomwa ili zipatikane; na fedha zilizoanzisha safari zilikuwa fedha za watu wapole waliokaa barazani wakinywa kahawa, ambao hawakupata kumpiga mtu kofi. Mkopo hauna macho, na aliyeutoa hawezi kudai kwamba hakujua mali yake ilikuwa ikifanya kazi gani huko bara. Naheshimu akili ya matajiri wale, na bado naona kwamba hesabu yao haijafungwa.

Visram alianza kupeleka misafara yake mwenyewe mnamo mwaka 1877, na polepole maduka yake yakatokea katika vituo vya njia ya kati, Saadani na Dar es Salaam, Tabora na Ujiji, yakinunua pembe, nta, asali na ngozi, na kuuza vitambaa, chumvi na shanga. Sewa Haji alipofariki mwaka 1897, sehemu kubwa ya tijara ile ikamwangukia yeye. Mtu mwingine angeridhika. Walakini tayari katika mwaka uliotangulia Waingereza walikuwa wameanza kutandika reli toka Mombasa, na yeye alitambua, mapema kuliko wengi, kwamba siku ambayo garimoshi litafika Ziwa Nyanza, bega la mpagazi halitakuwa na bei tena na njia ya Bagamoyo itaota majani. Akageuza uso kaskazini. Mwaka 1898, hali reli ingali inasuasua katika nyika za Tsavo ambako simba walikuwa wakila vibarua, yeye alikwisha kufungua duka Kampala.

Kwa ajili ya reli ile waliletwa kutoka India watu 31,983 kwa mkataba, na katika hao karibu 2,500 walikufa, wengine waliumia na kurejeshwa, wengi walirudi kwao mkataba ulipokwisha, na wapatao 6,700 wakabaki. Fikirini hali yao. Kambi ya mwisho wa reli ilikuwa mji wa hema unaohama: leo uko Voi, baadaye uko Kibwezi, kisha Machakos Road, na tarehe 30 Mei 1899 uko hapa. Palikuwa na mshahara na hapakuwa na soko. Visram alifuata kambi kwa maduka, akawapa vibarua wa Kihindi unga, mchele, dengu na samli waliyoizoea, na fedha za malipo zikawa zinapita mikononi mwa watu wake, zikitoka kwa serikali kama hati na kufika kwa kibarua kama rupia, kisha kurudi dukani kama bei ya posho, na kutoka dukani kwenda Bombay kama hundi ambayo jamaa ya kibarua wataigeuza fedha huko. Rupia ileile ilizunguka ikafanya kazi mara nne.

Na Uganda ndiko alikokuwa benki kamili. Benki ya National Bank of India ilikuwa imefungua tawi Unguja mwaka 1892 na Mombasa mwaka 1896, lakini Nairobi haikufika mpaka 1904, na Entebbe mpaka 1906. Baina ya miaka hiyo, ofisa wa serikali aliyekaa ng'ambo ya ziwa akiwa na hati ya mshahara mfukoni mara nyingi hakuwa na mahali pengine pa kuifanya fedha isipokuwa kwenye duka la Visram. Visram aliipokea hati, akatoa rupia, na wakala wake wa Mombasa akaipeleka hati ile hazina akalipwa. Kwa serikali ilikuwa nafuu kubwa, kwa sababu haikulazimika kusafirisha masanduku ya fedha yenye askari wa kuyalinda; kwake ilikuwa faida mara mbili, kwa maana alipata ujira wa hawala, na tena akapata njia ya kuhamisha mapato yake ya bara kwenda pwani pasipo kubeba sarafu hata moja.

Tena kulikuwa na kodi. Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 uliweka rupia 3 kwa kila nyumba kwa mwaka. Mkulima wa Kiganda aliyekuwa akihesabu mali yake kwa kauri na kwa mikungu ya ndizi atazipata wapi rupia? Atazipata kwa mwenye duka, kwa kumuuzia ngozi, simsim, pilipili, na baadaye pamba. Kwa hivyo duka lile likawa kitu cha ajabu, nusu soko na nusu ofisi ya serikali: serikali ilimtoza raia, raia akauza dukani apate cha kulipa, na serikali ikamtegemea mwenye duka kwamba fedha zitakuwapo nchini. Nadhani si wengi miongoni mwetu, tunaposoma habari ya wakoloni na ushujaa wa waliowapinga, tunaokumbuka kwamba ukoloni wenyewe uliingia vijijini kwa mlango wa duka.

Toka Kampala matawi yakatapakaa Jinja, Kisumu, Nairobi, na mbali mpaka Nimule na Gondokoro katika Sudan ya kusini, na mashariki ya Kongo. Kila tawi lilishikwa na kijana wa Kutch au Kathiawar, aghalabu jamaa ya mtu anayejulikana, aliyeanza kama karani, akapewa bidhaa kwa mali kauli, akafungua duka dogo lake mwenyewe ndani zaidi, akamkopesha mwingine. Winston Churchill, aliyepita hapa mwaka 1907 akiwa naibu wa waziri wa makoloni, aliandika katika kitabu chake cha safari kilichotoka mwaka 1908 kwamba mfanyabiashara wa Kihindi amefika na kukaa mahali ambapo Mzungu hangethubutu, na kwamba mwenye fedha wa Kihindi ndiye aliyetoa sehemu kubwa ya rasilimali ya nchi, na hata masetla wenyewe hawakuona haya kumwendea. Ilikuwa shahada ya kweli. Wala haikuwazuia wakubwa wa Churchill kuzifungia nyanda za juu za Kenya kwa Wazungu peke yao, ili Mhindi aweze kumkopesha setla lakini asiweze kuwa jirani yake.

Mashamba yake ya mpira na miwa, viwanda vyake vya kuchambua pamba, vinu vya mafuta na mashine za mbao, nitavipita. Alitoa sadaka kwa misikiti na jamatkhana, kwa Msalaba Mwekundu, hata kwa ujenzi wa kanisa kuu la Namirembe, na skuli ya Mombasa inayoitwa kwa jina lake ingalipo, ikiwa imesomesha watoto wa kila asili.

Mwaka 1916 alisafiri kwenda Kongo, akarudi na homa, na tarehe 30 Juni akafariki Mombasa.

Tazameni sasa yaliyoifika mali ile, kwa kuwa kuanguka kwake kunafundisha kuliko kuinuka. Nyumba yote ilisimama juu ya ujuzi uliokuwa kichwani mwa mtu mmoja: nani amekopa, nani anaaminika, nani mtoto wa nani. Mwanawe Abdulrasul alirithi daftari, lakini ujuzi haurithiwi kwa wasia. Na kabla hajapata kuujenga, vita vilikuwa vimepandisha bei ya fedha, na serikali ikaamua mwaka 1920 kwamba rupia, iliyokuwa shilingi moja na peni nne, sasa iwe shilingi mbili kamili; maana yake deni la rupia 15, lililokuwa pauni moja, likawa kwa amri moja pauni moja na nusu, papo hapo bei za mazao zikiporomoka katika masoko ya dunia. Mdeni aliyebeba deni zito zaidi kwa mapato mepesi zaidi hawezi kulipa, hata awe mwaminifu namna gani. Ikaja florini, na baada ya muda mfupi ikaja shilingi ya Afrika Mashariki. Abdulrasul naye akafariki mwaka 1923, akiwa bado kijana, na katika miaka iliyofuata himaya ile ya maduka ikatawanyika, vipande vyake vikiokotwa na wale makarani ambao baba yao wa kazi aliwaanzisha.

Katika mwaka uleule aliokufa Visram, wapagazi wa Kikosi cha Wachukuzi walikuwa wakifa kwa maelfu katika vita vya Tanganyika. Waliandikishwa kwa nguvu kutoka kila pembe ya nchi hii, na waliokufa, kwa hesabu ya Waingereza wenyewe, wanazidi 40,000. Mtaa wa Kariakor, si mbali na hapa tulipo, umesimama mahali palipokuwa kambi yao. Wale watu walikuwa na mshahara. Ulikuwa umeandikwa. Lakini maelfu walipokufa, warithi wao hawakupatikana, au hawakutafutwa kwa bidii, majina yakiwa yameandikwa vibaya na vijiji vikiwa vimetajwa kwa kubahatisha, na fedha zile zikabaki serikalini. Na walipotokea maofisa wachache wenye dhamiri kudai zitumike kwa manufaa ya watu wa waliokufa, wakakataliwa. Linganisheni, tafadhali. Kibarua wa Punjab aliyekufa Tsavo huenda jamaa zake walipata hundi yake, kwa sababu mwenye duka alijua kijiji chake. Mchukuzi wa Kikamba au Kijaluo aliyekufa Rufiji, serikali yenye makarani na mizani na mihuri haikujua kwao. Hapo ndipo ninapotaka mnisikilize kwa makini, maana hoja yangu ya leo ni hii moja: benki ni kumjua mtu, na mitaa hii yetu ilijengwa kwa sheria zilizokusudia mtu wetu asijulikane ila kwa polisi.

Nitaeleza. Wazee wa Pumwani waliokuwa wakikaa katika vijiji vya Mombasa, Maskini, Kaburini na Pangani, wengi wao wakiwa watoto wa wapagazi, askari na watu wa misafara walioufuata mji huu toka siku ya hema, walihamishwa vijiji vyao vikabomolewa. Pumwani ikaanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, na Pangani ikavunjwa mwishoni mwa miaka ya 1930, watu wake wakaletwa Shauri Moyo. Huko Pumwani walijenga nyumba kwa mikono yao na kwa fedha zao, na wengi wa wenye nyumba hizo walikuwa wanawake, waliojenga kwa akiba ya miaka mingi bila mume wala ndugu wa kuwasaidia. Ardhi chini ya nyumba haikuwa yao. Walipewa ruhusa ya kukaa, ambayo serikali ingeweza kuiondoa. Na nyumba iliyo juu ya ruhusa haiwekeki rehani. Mama aliyekuwa na nyumba ya vyumba sita iliyojaa wapangaji, mwenye mapato ya kila mwezi yasiyokatika, mbele ya benki alikuwa sawa na asiyekuwa na kitu.

Na kijana mpangaji wake alivaa shingoni kibweta chenye kipande, yaani cheti chake cha kuandikishwa. Sheria ya kuandikisha wenyeji ilitungwa mwaka 1915 na ikatumika barabara baada ya vita: alama za vidole, jina la mwajiri, siku ya kuanza na siku ya kuachishwa, na mshahara. Tazameni kwamba ndani ya kibweta kile ilikuwamo habari ambayo mkopeshaji yeyote angetamani kuijua, yaani mtu huyu amefanya kazi wapi na kwa muda gani na kwa malipo gani, nayo ilikusanywa kwa gharama kubwa ili imkamate, isimfae hata siku moja.

Hata pale ambapo mwenye duka wa River Road au wa Eastleigh alimjua na akataka kumwamini, sheria ikaingia kati. Sheria ya mwaka 1948 ya kudhibiti mikopo kwa Waafrika ilisema kwamba asiye Mwafrika akimkopesha Mwafrika zaidi ya shilingi 200, hataweza kulidai deni mahakamani isipokuwa mkopo uwe umepitishwa kwa idhini ya serikali. Walioitetea walisema ni kumlinda Mwafrika asinyonywe. Sina shaka kwamba wako walionyonywa. Lakini aliyekuwa akiuza makaa Gikomba na akataka mashine ya kushonea, au gari la mkono la pili, au magunia 10 ya viazi, alilindwa mpaka akabaki na gunia moja. Ngazi ile aliyoipanda mtoto wa Kera, ya kupewa mali kauli leo, kuuza, kulipa, kupewa zaidi, ngazi yake ya kwanza tu ndiyo iliyokatwa, na aliyekatiwa ngazi ya kwanza hahitaji kuzuiwa juu.

Watu wetu hawakukaa kimya. Walijikopesha wenyewe. Vyama vya kuchangiana vilivyoko leo katika kila ploti ya Maringo, Jericho, Makadara na Dandora, ambamo kila mwenye zamu hupokea mchango wa wote, vilishika nafasi ya benki kwa maana vilikuwa na kile kile alichokuwa nacho tajiri wa Bagamoyo: wanachama wanajuana, wanajua nani amefiwa na nani amefutwa kazi, na anayekula zamu yake akatoweka hatapokewa na chama kingine mtaani. Upungufu wake ni mmoja, nao ni mkubwa. Chama kinazungusha fedha ya maskini kwa maskini. Visram alikuwa na Bombay nyuma yake.

Eastleigh ndiyo iliyopata kuwa na Bombay yake. Mtaa ule ulioundwa mwaka 1921 ulikaliwa kwa miaka mingi na Wahindi wa hali ya kati na Wasomali wa zamani, na baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka 1991 walikuja wakimbizi kwa maelfu, wengine wakiwa hawana ila nguo za mwilini, wengine wakiwa wafanyabiashara waliopoteza maduka Mogadishu lakini hawakupoteza majina. Nyumba ya wageni iliyoitwa Garissa Lodge ikageuka soko, chumba cha kulala kikawa duka, na kutoka hapo yakaota majumba ya biashara tunayoyaona leo. Rasilimali ilitoka wapi? Kwa sehemu kubwa haikutoka benki za Nairobi. Ilitoka kwa hawala. Mtu wa Minneapolis au London anampa wakala dola, wakala anapiga simu, na hapa Eastleigh mama anapokea fedha kabla jua halijazama. Deni lililobaki baina ya mawakala wawili wanalimaliza kwa shehena ya nguo au vyombo kutoka Dubai. Hakuna sarafu iliyosafiri. Karani wa Visram wa mwaka 1900, lau angefufuliwa akaketishwa kwenye kaunta ya Barabara ya Kwanza, angehitaji kufundishwa simu tu. Yaliyobaki angeyajua yote.

Aprili 2015, baada ya mauaji ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Garissa, serikali ilisimamisha kampuni 13 za hawala, kwa hofu kwamba fedha za wauaji zilipita humo, na hazikuruhusiwa tena mpaka Juni. Machungu ya Garissa yalikuwa yetu sote, na serikali inayotafuta fedha za wauaji iko katika wajibu wake. Nililoliona ovu ni kufunga mlango mzima. Familia zilizokuwa zikiishi kwa dola 100 za kila mwezi hazikuwa na mlango mwingine, na aliyetaka kuficha fedha alikuwa na milango mingi. Anayeijua hawala anajua kwamba daftari lake lina majina, na mdhamini wa kila jina, na kwamba njia ya kumpata mwovu ni kulisoma daftari pamoja na mwenyewe, kama Benki Kuu ilivyokwisha kuanza kufanya kwa leseni na kanuni, wala si kulitia kufuli.

Kabla ya hapo, mwaka 2007, M-Pesa, huduma ya kutumiana fedha kwa simu, ilikuwa imelirudisha duka katika kazi yake ya zamani. Sasa kila kibanda cha Umoja na Kayole hupokea na kutoa, na kijana anayeuza mkate na sukari anashika amana za mtaa mzima. Mikopo ya simu imefuata. Lakini mkopeshaji wa simu anamjua mtu kwa nambari zake. Hajui kwamba amelaza mtoto hospitalini, na anapochelewa haji kumwuliza, na huweza kumwandikisha mahali ambapo jina lake litachafuka kwa miaka. Naona hatari ya kukirudia kipande kwa mlango mwingine: habari nyingi za mtu, zimekusanywa zote, na haziko upande wake.

Hivyo ninalo ombi, na ndilo lililonileta. Katika nyumba za Majengo na Shauri Moyo, na katika vyumba vya juu vya maduka ya Eastleigh, zimo daftari za marehemu: za mama mwenye nyumba aliyeandika kodi za wapangaji kwa penseli, za mhazini wa chama, za mwenye duka aliyeandika deni la unga na mafuta ya taa kwa Kigujarati au kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Hizo ndizo hati za benki zetu, na kila nyumba inapobomolewa ili ghorofa ijengwe hutupwa pamoja na mabati. Hazina ya Kumbukumbu za Taifa iko katika Moi Avenue, katika jengo lililopata kuwa benki, na inapokea hati za watu binafsi na kuzitunza. Maktaba ya hapa Kaloleni inaweza kuwa mahali pa kuzikusanyia kwanza. Aliye na daftari asiogope kwamba ni chafu au limeliwa na mchwa. Alitie katika mfuko mkavu, aandike juu yake jina la mwenyewe, mtaa, na miaka ipatayo, na aniletee mimi au amkabidhi mwenyekiti wa kamati ya ukumbi, naye atampa stakabadhi.